Mistari Minane kwa Dakika Ishirini

Namawala,
Ijumaa, 10 Januari 2025

Baba Padre Fulgensi, mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya Jumuiya nzima ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, natangaza rasmi kuvunjika kwa kiti cha plastiki cha kijani, kilichotutumikia kwa uaminifu miaka tisa. Kilivunjika jana Alhamisi jioni, katikati ya rozari, tendo la nne la mwanga. Mguu wa nyuma wa kushoto ndio uliotangulia. Marehemu ameacha viti wenzake watatu na mwenyekiti mmoja, yaani mimi, ambaye wakati wa tukio alikuwa amekikalia. Chanzo bado kinachunguzwa, ingawa Mama Getrude alisema kwa sauti ya kusikika kwamba chanzo kinakula sahani mbili za ubwabwa kila mchana.

Sisi hatujambo. Mama yako hajambo. Dada yangu Apolonia anapalilia mwenyewe, anagomba mwenyewe, na goti lake linauma siku za Jumapili tu, wakati wa kupiga magoti. Anakusalimu. Anauliza kama huko Nairobi unavaa sweta. Nimemwambia msomi wa Kiebrania hawezi kukosa sweta, akasema hilo halikuwa jibu.

Unajua kwa nini nakuandikia kwenye karatasi. Kwanza, simu yako tangu Krismasi inaita mpaka inachoka. Pili, tulikubaliana siku ya kukuaga kwamba barua zako zisomwe jumuiyani, na mama yako hataki kusikia habari ya simu. Anasema simu ni sauti ya mtu anayeaga, karatasi ni mtu aliyekaa. Sista Brigitha anapita Nairobi kwenye nyumba ya shirika lao, basi yeye ndiye posta yetu.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita ng'ombe wa Ngusa waliingia kwenye majaruba ya Mama Getrude. Mpunga ulikuwa umefika kwenye vifundo vya miguu. Walichoacha kula walikikanyaga. Ngusa anasema kamba ilikatika. Mama Getrude anasema kamba za Wasukuma hukatika upande wenye mpunga tu. Maneno hayo yamemfikia Merina, mke wa Ngusa, ambaye ndiye sauti ya pili ya nyimbo zetu. Sasa Mama Getrude akianzisha wimbo, Merina hapokei, na Merina akianzisha, Mama Getrude anakohoa. Jana tuliimba wimbo mzima nikiwa peke yangu, na sauti yangu unaijua. Nadhani ndiyo iliyovunja kiti.

Wanasubiri neno lako. Si wewe unayesoma Kitabu cha Kutoka, pale Musa anaposema mnyama akila shamba la mwenzio ufanye nini? Tuandikie kitu kirefu, kitamu, nisimame mlangoni nikisome.

Mjomba wako,
Raimundi


Nairobi,
2 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Milele Amina.

Nimepata barua yako, na poleni kwa kiti. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea. Mwambie Mama sweta ninalo. Kuhusu ng'ombe wa Ngusa sina la kusema; taratibu za kijiji zipo, wazifuate. Niombeeni nami nawaombea. Samahani kwa ufupi, nina kazi ya kuandika.

Fulgensi


Namawala,
27 Februari 2025

Baba Padre, mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mvua zimeanza kuchangamka, barabara ya Ifakara ina mashimo ambayo kambale wanayatazama kwa matumaini. Mama yako amepata kuku wa kutaga kutoka kwa Merina. Watu wa utafiti wa mbu walipita tena na mitego yao. Wamelala kwangu mbu wao, mimi nimelala kwenye chandarua, asubuhi tukahesabiana.

Barua yako ilisomwa Alhamisi iliyopita, nimesimama pale mlangoni kwa mama yako ili nipate mwanga. Ilipokelewa vizuri mno. Ilichukua kama dakika ishirini. Mama Getrude alifuta macho kwa khanga. Mwisho wake Ngusa, ambaye unajua bado ni mkatekumeni anayesubiri ubatizo, na kwa kawaida hukaa nje akisubiri mkewe, akauliza kutoka dirishani, "Padre kasema hivyo?" Nikamwambia ndivyo.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, Mama Getrude aliamka akasikia mlio wa plau. Ngusa alikuwa shambani kwake na jozi ya maksai, analima upya pale palipokanyagwa. Maksai wenyewe ni wale wale waliokula. Mama Getrude alisimama pembeni mikono kiunoni karibu saa nzima, kisha akaenda nyumbani, akarudi na uji. Wamepanda saro, mbegu ya muda mfupi. Mungu akipenda itawahi.

Kwa hiyo asante sana kwa maneno yako. Na kile kiti cha kijani Ngusa amekishona mguu kwa waya wa baiskeli. Kinakalika, ila ukiegemea kushoto kinakuonya.

Tuandikie tena. Safari hii andika mwenyewe yaliyo moyoni. Sikusudii lolote kwa kusema hivyo.

Mjomba Raimundi


Nairobi,
30 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa Mama, kwa Mama Getrude, kwa Ngusa na Merina. Nimefurahi kusikia kuhusu maksai. Kwaresima hii ninaiendesha vizuri, na ninakula. Haya unaweza kuyasoma. Ukurasa wa pili ni wako peke yako.

(Ukurasa wa pili)

Mjomba, barua yangu ya Februari ilikuwa na mistari minane. Niliihesabu tena kichwani. Ilisomwaje dakika ishirini? Sikulaumu, labda ulikuwa unasoma polepole kwa sababu ya miwani.

Jambo lenyewe ni hili. Nimewasilisha pendekezo la tasnifu mara tatu na mara tatu limerudi. Mwalimu wangu ni mzee mpole, jambo linalofanya iwe vibaya zaidi. Kila mara ananiuliza swali moja: "Padre, unachotaka kujua ni nini hasa?" Na mimi kila mara naitikia kwa kichwa kama niliyeelewa, narudi chumbani, naongeza vitabu kwenye orodha. Wenzangu wameanza sura ya pili. Mimi simu siipokei kwa sababu kila anayepiga ananiita Daktari mtarajiwa.

Nimeandika barua kwa Baba Askofu kuomba kurudi. Nimeandika kwamba afya yangu haiendani na hali ya hewa ya huku. Iko mezani. Nitaipeleka mwanzoni mwa Juni, muhula ukiisha. Naomba umwandae Mama taratibu. Mwambie nilipata kifua.

Usimsomee mtu ukurasa huu.

Fulgensi


Namawala,
4 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Kristo amefufuka.

Pasaka ilikuwa njema. Maji yalijaa mpaka kwenye kizingiti cha kanisa la kigango, na watoto watatu wakabatizwa kwa maji ambayo nusu yake yaliingia yenyewe. Nassib, jirani yetu mwenye mashine ya kukoboa, alituletea pilau ingawa Idi yake ilikuwa imeshapita. Alisema hakupata nafasi ya kutuletea siku yake, basi anatuletea siku yetu. Mpunga wa Mama Getrude umechanua. Ngusa na Merina wanapokezana naye kuamia ndege. Merina ameanza kupokea nyimbo, tena kwa sauti ambayo inanirudisha mimi kwenye nafasi yangu ya asili, yaani kimya.

Barua yako ya mwisho ilifika Alhamisi baada ya Pasaka. Safari hii kuisoma hakukuchukua hata dakika mbili. Kuhusu huo ukurasa mwingine, macho yangu si mazuri siku hizi. Nitakapopata miwani ya kufaa nitauangalia.

Nakutumia mchele kidogo wa mwaka jana, kambale wawili wakavu, na kitunguu saumu ambacho mama yako anaamini kinatibu kila kitu. Tafadhali usifanye haraka. Mambo ya mezani huwa hayaozi.

Mjomba


Nairobi,
25 Mei 2025

Mjomba Raimundi,

Shikamoo. Mchele umefika, kambale wamefika, na Sista Brigitha naye amefika akinuka kambale. Amesema mwakani mtafute posta nyingine.

Ndani ya mchele mlikuwa na kijibarua cha Mama Getrude. Sidhani kama ulikijua. Namnukuu: "Baba Padre, tangu ulipotuandikia kwamba hata wewe darasani ulikanyagwa, ukafeli mtihani na kutaka kukimbia usiseme, halafu ukagundua kwamba shamba lililokanyagwa Januari bado lina Februari, mimi sijamwangalia Ngusa kwa jicho lile tena. Nilijiambia kama padre anaweza kusema alivyoshindwa mbele ya jumuiya nzima, mimi siwezi kusema nilivyotukana?"

Mjomba, sijawahi kuandika hivyo. Tarehe mbili Februari hapakuwa na mtu hata mmoja duniani niliyemwambia kwamba nashindwa. Umejuaje? Nani kakuambia? Kama ni mwalimu wangu, sema. Kama ni Sista, sema.

Na mbona umewaambia jumuiya nzima jambo ambalo sikuwa nimekwambia hata wewe?

Nimekasirika, halafu nimekisoma kijibarua hicho mara nne, halafu sijui nina nini. Barua ya Baba Askofu bado iko mezani. Nimebakiza wiki mbili. Naomba unieleze kila kitu, kuanzia mwanzo, bila viti vya plastiki.

Fulgensi


Namawala,
8 Juni 2025, Pentekoste

Fulgensi, mtoto wa dada yangu,

Leo sianzi na salamu za mzaha. Mama yako hajambo, sote hatujambo. Umeniomba kila kitu.

Barua yako ya Februari niliifungua nikiwa tayari nimesimama mlangoni, watu ishirini na mmoja wamekaa kwenye mikeka, Mama Getrude huku, Merina kule. Nikaona mistari minane, na katikati yake "taratibu za kijiji zipo". Nikajua nikisoma hivyo, jumuiya inakufa jioni ile ile. Basi nikasoma salamu zako, nikafika kwenye ng'ombe, na mdomo wangu ukaendelea peke yake. Nikakufelisha mtihani. Nikakutamanisha kukimbia. Nikakurudisha, nikakupandisha mbegu ya muda mfupi. Nilikuwa naona aibu huku nikiona raha, kama mtu anayekula asali ya jirani.

Umeniuliza nilijuaje. Sikujua. Sikujua kitu chochote kuhusu wewe. Yale yalikuwa mambo yangu mimi. Nilikuvika wewe kwa sababu mimi sikuwa na ujasiri wa kuyavaa.

Unajua niliacha seminari mwaka wa tisini, nikiwa na miaka kumi na tisa. Unajua kwa sababu gani, maana kila mtu katika bonde hili anajua: malaria iliyopanda kichwani. Mama yako amekusimulia, mimi nimekusimulia, hata wale watu wa utafiti waliponihoji historia yangu ya homa niliwasimulia, na wakaandika. Kuna daftari mahali fulani lenye malaria yangu.

Sikuugua. Nilifeli Kilatini mara mbili, na mara ya tatu sikuingia kwenye chumba cha mtihani. Nilishuka na basi la Mikumi mpaka Kidatu, nikakaa wiki mbili na wakata miwa, nikijifunza kukata na kujikata. Nikaja nyumbani juu ya lori, na pale njia panda nikaanza kutetemeka kwa makusudi. Nimetetemeka miaka thelathini na tano. Kila kijana aliyekwenda seminari kutoka hapa, mimi ndiye niliyemwaga kwa hotuba. Wewe mwenyewe nilikuaga. Nilikuambia mvumilivu hula mbivu, mimi ambaye sikungoja hata ua lidondoke.

Sasa ile barua yako ya pili, ya Machi. Alhamisi baada ya Pasaka nilisimama tena mlangoni. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeshausoma nyumbani, miwani yangu haina tatizo lolote, nisamehe. Nilipanga kusoma salamu, kisha nibuni mengine kama kawaida yangu. Nikasoma salamu. Nikafungua mdomo. Hapakuja kitu. Nilikuwa nayaona tu maneno yako, "mwambie nilipata kifua", na nikayatambua kama mtu anavyotambua shati lake kwenye kamba ya mwingine.

Nikaikunja karatasi, nikaikunjua, mpaka kuku wakaingia ndani. Mama yako ndiye aliyesema:

"Raimundi, leo umeishiwa?"

"Nimeishiwa nini, dada?"

"Maneno ya padre."

Mama Getrude akacheka. Merina akaficha uso kwenye khanga. Nikauliza wanacheka nini.

"Mwenyekiti," Merina akasema, "wewe husimama mlangoni, jua la jioni liko nyuma yako, linapenya karatasi. Sisi tulio ndani karatasi tunaiona yote. Siku ile ilikuwa na mistari minane. Niliihesabu mara mbili, wewe ukiwa bado unasoma."

"Na mwanangu," mama yako akaongeza, "hajawahi kusema 'ndugu zangu wapendwa wa bonde hili lenye rutuba' tangu azaliwe. Anayesema hivyo ni mmoja tu."

Walijua, Fulgensi. Walijua wote, isipokuwa mimi. Hata Mama Getrude. Kijibarua chake cha mchele alikiandika akijua kabisa. Nimemuuliza kwa nini. Amesema, "Nilitaka padre ajue kwamba ameandika barua nzuri."

Nikamgeukia Ngusa, aliyekuwa amekaa ndani safari hii, kwenye kile kiti alichokishona. "Na wewe ulijua? Mbona ulikwenda kulima?"

Ngusa si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Nilijua ni wewe. Nikaona mtu mzima amesimama mbele ya watu anatokwa jasho, anadanganya, ili mimi na Mama Getrude tusalimiane. Nikasema, nisipomsikia huyu, ng'ombe ni mimi."

Ndipo nikawaeleza habari ya malaria. Yote, mpaka kutetemeka pale njia panda. Ukurasa wako sikuwasomea, na wala sikusema kilichomo. Nilisema tu kwamba padre wetu ana mzigo, na kwamba huo si wa kusomwa. Hakuna aliyeuliza.

Watu walipoondoka, mama yako alibaki akikunja mikeka. Akasema bila kunitazama, "Siku ile uliporudi nilikushika paji la uso. Ulikuwa wa baridi kama mtungi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unatetemeka vizuri. Nikaona umechoka. Nikakupikia uji." Akasimamisha mkeka ukutani. "Nilidhani utaniambia ukishapumzika."

Miaka thelathini na tano, Fulgensi. Alikuwa ananisubiri nipumzike.

Basi sikwambii ubaki. Mimi ni nani wa kumwambia mtu abaki. Rudi ukitaka, chumba chako kina mchele kwa sasa lakini tutauhamisha. Mimi kurudi hakujaniumiza. Kilichoniumiza ni malaria. Ukirudi, rudi na sababu yako ya kweli mkononi, upite njia panda umesimama wima. Na kabla ya hapo, yule mzee mpole mwambie ulichoniambia mimi. Acha kuitikia kwa kichwa.

Mjomba wako, mzima wa afya tangu 1990,
Raimundi


Nairobi,
29 Juni 2025

Kwa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Isomwe na Mjomba Raimundi, amesimama mlangoni.

Mama, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Mama Getrude na Mzee Ngusa, shikamooni. Merina na wote, Tumsifu Yesu Kristo.

Hii ndiyo habari yenyewe. Nimeshindwa mwaka huu. Pendekezo langu la tasnifu lilirudi mara tatu, nami nikaandika barua kwa Baba Askofu ya kusingizia afya, na nyumbani nikataka isemwe ni kifua. Sikuwa na kifua, Mama. Nilikuwa na aibu.

Barua ya Mjomba ilifika tarehe kumi na tisa, siku kumi baada ya siku niliyopanga kupeleka ile yangu. Haikuwa imekwenda. Kila asubuhi nilikuwa nikiichukua, nikafika mlangoni, nikakumbuka kijibarua cha Mama Getrude, nikairudisha. Sijui kama huo ni uvumilivu au uoga, mtanisaidia kuamua. Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wangu nikamwambia, "Mzee, kila uliponiuliza ninachotaka kujua, sikuwa najua, na niliona haya kusema." Akaniuliza, "Na leo?" Sikuwa na jibu la vitabuni, nikamsimulia habari zenu. Nikamwambia Kitabu cha Kutoka kinasema mwenye mnyama alipe kwa kilicho bora cha shamba lake mwenyewe. Lakini Ngusa hana shamba, amekuja na ng'ombe tu, na akalipa kwa wale wale waliokula. Je, sheria inamwonaje mtu asiye na shamba?

Mzee akaweka kalamu chini. Akasema, "Ondoka, ukaliandike hilo kabla hujalisahau."

Nitarudia mwaka. Wenzangu watanitangulia. Nimemwandikia Baba Askofu ukweli wote, naye akanipigia simu, nikapokea. Alisema mambo mawili: nirudie, na niwe napokea simu.

Nakuja Julai kwa wiki tatu. Mama, usipike uji, sitetemeki. Mama Getrude, naomba nikute angalau jaruba moja halijavunwa. Mzee Ngusa, itabidi nikuulize maswali mengi, nami nitayaandika, kwa hiyo jiandae. Kiti cha kijani nitakikalia mimi, nikiegemea kulia.

Mjomba, ukifika hapa usiongeze neno. Inua karatasi juu, jua likiwa nyuma yako, waihesabu. Mistari ni mingi, na yote ni yangu.

Fulgensi